Mbwa, Paka na Punda wa Mhusika Mmoja

Kwanza tafuta vizibo vya soda 20. Vioshe, vianike, kisha chora namba upande wa ndani kwa ncha ya msumari, kuanzia 1 hadi 20, uvitie kwenye kopo tupu la maziwa ya unga. Dadu la pande 20 sijaliona katika duka lolote la hapa Iguguno, wilayani Mkalama, mkoa wa Singida, na kopo linafanya kazi ile ile, mradi kila kizibo kinachochomolewa kirudishwe na kopo litikiswe upya. Asiyerudisha anawapunja wenzake bahati.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja anakuwa msimulizi. Wengine kila mtu ana mhusika wake kwenye karatasi, mwenye nguvu, wepesi, akili, busara, fani na ngazi. Msimulizi anasema mbele kuna mto uliofurika, wewe unasema mhusika wako anafanya nini, kizibo kinaamua kama amevuka. Sisi tunacheza wakati wa likizo, barazani kwa dada yangu, chini ya taa ya sola. Wachezaji ni wapwa zangu watatu na jirani mmoja wa bodaboda, msimulizi ni mimi. Wote wanne, bila kuambizana, wanataka mhusika mwenye mnyama. Wakimpata mmoja wanataka wa pili.

Sioni ajabu. Huku Mkalama mtu mwenye kazi moja humpati. Mwalimu ana shamba la alizeti, fundi cherehani ana kuku, dereva wa bodaboda ana mizinga miwili porini. Kila kazi ina kiumbe wake: maksai wa jembe, punda wa maji, mbwa wa zizi. Mtoto aliyekulia hapa akipewa karatasi yenye nafasi ya fani moja na mnyama mmoja, anauliza wengine waandikwe wapi. Swali lake ni la haki, na linajibika.

Anza na fani ya mlinzi wa pori. Akifika ngazi ya 3 anaweza kushika njia ya kuandamana na mnyama. Kwa kanuni zilizotoka mwaka 2020, uhai wa mnyama wa nchi kavu ni 5, ukiongeza mara tano ya ngazi zako za ulinzi. Za ulinzi tu. Mlinzi mwenye ngazi 5 zote za ulinzi ana mbwa mwenye uhai 30. Mwenzake aliyechukua 3 za ulinzi na 2 za fani nyingine naye ni mtu wa ngazi ya 5, anakaa meza ile ile, lakini mbwa wake ana 20. Akiumwa na fisi mara mbili, mmoja anabweka na mwingine anazikwa.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo yote haya, na ndipo wapwa zangu walipobisha. Mmoja aliona ni uonevu: amepanda ngazi kwa jasho, kwa nini mbwa asipande naye? Nikamwambia akumbuke maksai wa baba yake. Dume changa lililohasiwa hufungwa nira pamoja na maksai mzoefu, likajifunza mstari kwa kuvutwa na mwenzake, siku baada ya siku, na kijana akitangulia mbele na kamba. Shemeji aliporudi kutoka Dar es Salaam baada ya miaka mingi ya biashara, alishika plau kwa mikono yenye nguvu kuliko ya yule kijana. Maksai walisimama. Walingoja mpaka kijana alipokuja mbele na kuwaita kwa majina yao, ndipo nira ikalia na udongo ukaanza kupinduka. Mnyama huhesabu miaka uliyokaa naye yeye. Ile mingine uliyoipata kwingine haimhusu. Mpwa alinyamaza, akafuta, akaandika upya.

Kwa hiyo usikimbilie fani ya pili. Fika ngazi ya 5 ya ulinzi kwanza, ambako pia unapata pigo la pili katika kila zamu, kisha chukua ngazi moja ya ile fani ambayo vitabu vya Kiingereza huiita ya mchawi. Sisi tunaiita uganga, kwa sababu neno uchawi hapa si la kuchezea mbele ya wazee. Kuchanganya kunataka alama 13 za wepesi na 13 za busara kwa mlinzi, na 13 za akili kwa mganga. Ukitumia mgawo wa kawaida wa 15, 14, 13, 12, 10 na 8, zile tatu za juu zinatosha kabisa, ila stahamala inabaki 12 na nguvu inabaki duni. Mchukuzi wa mizigo itabidi awe mwingine. Nitamfikia.

Ngazi hiyo moja inakupa mnyama wa pili, roho inayokuja kwa umbo la kiumbe mdogo. Kwa kitabu cha mwaka 2014, unamwita kwa saa nzima, kwa mkaa, ubani na mitishamba ya vipande 10 vya dhahabu. Mkaa na ubani! Hakuna kanuni iliyoeleweka upesi kuliko hiyo barazani kwetu. Ugumu ulikuja kwenye umbo. Wachezaji wengi duniani humchagua bundi, kwa kuwa huruka kimya na huondoka karibu na adui bila kupigwa. Nilipotaja bundi, dada yangu alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kaka, bundi ndani ya nyumba yangu? Mtoe."

"Ni wa kwenye karatasi, dada."

"Hata kwenye karatasi."

Tukapendekeza mwewe. Akauliza kama tumesahau vifaranga vyake sita vya juzi. Tukaishia kwa paka, naye akarudi jikoni ameridhika, na mimi naona alikuwa na haki. Kanuni zinatoa orodha ya maumbo, lakini meza iko kwenye baraza la mtu, na mnyama anaingia na sifa zake za pale alipo. Ndiyo maana simba hatumpi mtu kiholela. Katika miaka ya 1940 mkoa huu ulipata mauaji yaliyohusishwa na watu-simba, na wapo wazee waliokua wakisikia habari hizo kwa wazazi wao. Kabla ya kumwita simba, uliza waliokaa karibu nawe.

Sasa una mbwa na paka. Usiwachanganye. Mbwa wa mlinzi husogea mwenyewe, lakini kwenye zamu yako hukwepa tu, hang'ati, kwa kawaida mpaka wewe utumie tendo lako la ziada kumwamuru. Tendo la ziada ni moja kwa zamu. Mtu mwenye viumbe wawili wa namna hiyo ana mdomo mmoja: akimwita huyu, yule anasimama. Paka wa uganga haombi tendo hilo. Ana zamu yake, anapeleleza, anamsaidia mwenzako apige vizuri, ila hawezi kushambulia. Hao wawili wanakaa pamoja bila kugombania sauti yako. Anayetaka wawili wa kuamriwa atashinda anapiga kelele.

Jirani wa bodaboda alitaka jozi ya maksai. Kwa kanuni ni wanyama wawili. Nikaamua kwamba wakiwa chini ya nira moja ni kiumbe mmoja, na uhai wao ni mmoja, akianguka mmoja wote wamesimama. Siioni kama upendeleo. Asiyeamini ajaribu kulima na maksai mmoja.

Bei za kitabu cha mwaka 2014 nazo zilizua mjadala mkubwa. Mbuzi ni kipande 1 cha dhahabu, kuku ni vipande 2 vya shaba, na dhahabu moja ni shaba 100. Maana yake kuku 50 kwa mbuzi mmoja. Kuwaambia watu wa Singida, ambao kuku wao wa kienyeji wanatafutwa mpaka Dar es Salaam! Dada alirudi tena, safari hii bila mwiko, akapanga bei upya kwenye karatasi yangu. Tunatumia zake.

Yuko pia kiumbe asiyeingia kwenye fani yoyote, nami nampenda kuliko wote: ndege wa asali. Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi Munguli katika wilaya hii hii, humwita kwa mluzi, naye huwaongoza mti hadi mti mpaka kwenye nyuki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kwenye vilima vya Kidero, karibu na Ziwa Eyasi, ndege hao huitika mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko wito wa Wayao wa Niassa, Msumbiji. Kule Niassa mambo hugeuka, wito wa Wayao ndio unaosikika. Wayao humlipa nta. Wahadzabe mara nyingi huifukia au kuichoma ili aendelee kuwa na njaa na kuongoza. Kwenye meza yangu hana gharama ya tendo lolote. Ila mchezaji lazima apige mluzi mwenyewe, kwa mdomo wake, na mhusika aliyetoka mbali anaongezewa ugumu mpaka akae msimu mzima na wenyeji.

Nimebakiza punda. Kitabu kinamweka kwenye orodha ya vitu vya kununua, vipande 8 vya dhahabu, hana ngazi, hakui na wewe. Mpwa wangu wa kike, wa darasa la saba, alimnunua punda huyo siku ya kwanza. Anajua thamani yake. Kila asubuhi kabla ya shule huchota maji na punda wa nyumba ya pili, madumu manne, mawili kila upande. Alisikia pia redioni kwamba Februari 2024 viongozi wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubali kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, na alitusimulia habari hiyo akiwa amesimama.

Likizo iliyopita kundi lao lilikuwa linavuka mbuga ya Wembere wakati wa masika. Ule udongo mweusi. Fisi watatu nyuma, mbwa amejeruhiwa, uhai 6, paka yuko mtini, na punda amezama mpaka tumboni na mizigo yote mgongoni. Nikampa mpwa wangu zamu yake. Tendo moja la ziada.

"Mjomba, namwita punda."

Nikamkumbusha kwamba kwa kanuni punda si mwandani, ni bidhaa.

"Nimekaa naye tangu ngazi ya kwanza," akasema. "Mbwa nilimpata ya tatu."

Nikamsogezea kopo. Akatikisa, akafumba macho, akachomoa. Kumi na saba.