Vipimo vya Mheshimiwa

Mzee wa kanisa alikuwa katikati ya sala ya kufungua kikao pale Mheshimiwa alipotoka chini ya kochi. Alimzunguka miguu mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili akaanza kunguruma kwa sauti ndogo kama jokofu bovu. Mara ya tatu akageuza makalio na kumrushia mkojo kwenye soksi. Mzee, mtu wa imani, hakufumbua macho. Alisema tu, "Bwana, utulinde pia na yaliyo chini," nasi tukaitikia amina kwa nguvu kuliko kawaida.

Mheshimiwa ni sungura. Jina alipewa na binti yangu wa darasa la nne, na sababu aliitoa mwenyewe: anakula sana, na ukimwita haji. Tulimnunua shilingi 15,000 akiwa hajazidi embe dodo, mpole, hana makuu. Alipofika miezi mitano akabalehe, na sebule ikawa jimbo lake. Kila pembe aliiwekea alama. Kila kilichokaa kimya alikipanda: mpira, kandambili, dumu la lita 5 la mafuta ya kula. Wageni tulianza kuwapokelea barazani.

Na binti alikuwa ameshaahidiwa kwamba Mheshimiwa ataletewa mwenzake, jike, kwa kuwa sungura hapendi upweke. Hapo hesabu ni nyepesi. Mimba ya sungura ni siku 31 hivi, na jike anaweza kushika nyingine siku ileile aliyozaa. Sisi nyumba yetu hapa Tabata ina vyumba viwili. Basi tukakubaliana ahasiwe, nami nikadhani uamuzi mgumu umekwisha.

Nikampigia daktari wa mifugo. Akaniuliza umri, akaniuliza anakula nini, kisha akasema, "Sawa, mlete. Na vipimo je, tufanye au tusifanye?"

"Vipimo vya nini tena, daktari? Si mzima?"

"Hilo ndilo la kujua," akasema.

Nilikwenda kliniki peke yangu kwanza, kama mtu anayekwenda kuuliza mahari. Daktari akanieleza kwa upole. Sungura ni kiumbe cha kuwindwa. Akiugua hujifanya mzima mpaka siku za mwisho, maana porini anayechechemea ndiye anayeliwa kwanza. Kwa hiyo macho ya mwenye nyumba hayatoshi. Damu kidogo ikipimwa, itaonyesha kama ana damu ya kutosha, kama figo na ini vinafanya kazi, na sukari ikoje. Figo na ini ndivyo vitakavyoisafisha dawa ya usingizi mwilini. Akaongeza kwamba Waingereza walichapisha uchunguzi mkubwa mwaka 2008: kati ya sungura 1,000 waliopewa nusukaputi, takriban 14 walikufa. Mbwa hawakufika hata 2. Lakini kwa sungura waliokuwa wazima kabla ya dawa, idadi ilishuka hadi 7 hivi.

"Kwa hiyo ni lazima?" nikauliza.

"Sikusema lazima. Huyu ni kijana. Angekuwa mzee wa miaka mitano ningekusisitizia. Huyu, uamuzi ni wako."

Hapo ndipo nilipochoka. Mimi nilipopasuliwa ngiri (ya tumboni, si ya porini) hakuna aliyenipa uamuzi wowote. Niliambiwa lala, nikalala. Sasa leo naulizwa habari za ini la mwenzangu.

Nyumbani kikaitishwa kikao. Shemeji yangu, ambaye ni mhasibu na hajawahi kulipia kitu bila kuomba risiti, alichukua kalamu. Operesheni peke yake ingenunua sungura wanane. Operesheni na vipimo, sungura kumi na mmoja na kichwa cha wa kumi na mbili. "Kwa bei hiyo," akasema, "mnafungua mgahawa." Binti akaanza kulia. Mke wangu akamwangalia kaka yake kwa jicho ambalo naye huwa halina risiti. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Muheza kwa wiki mbili na sasa anaingia mwezi wa tatu, akauliza kwa nini mnyama apimwe figo wakati yeye goti lake halijapimwa tangu Pasaka.

Swali lake lilikuwa na uzito, na ndilo lililoamua. Tukapitisha kwa kauli moja: ahasiwe bila vipimo, na goti lipelekwe hospitali.

Uamuzi huo uliishi siku mbili.

Alhamisi jioni binti alipiga ukelele kutoka uani. Kwenye beseni la Mheshimiwa kulikuwa na mkojo mwekundu, wekundu wa sharubati ya ukwaju iliyochanganywa na rozela. Nilisimama pale na tochi ya simu nikihisi miguu inalegea. Ndiyo figo hizo! Tumemwekea goti mbele, sasa anakojoa damu. Shemeji mwenyewe, nilipompigia, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Pimeni kila kitu."

Daktari kwenye simu hakushtuka hata kidogo. Akasema nimletee mkojo asubuhi. Sasa, kumwambia mtu alete mkojo wa sungura ni rahisi ukiwa umekaa kwenye kiti. Tuliondoa maranda yote, tukaosha beseni, tukamweka Mheshimiwa ndani, mimi na binti tukakaa kando tukimtazama. Naye akatutazama. Saa tatu. Saa nne. Mheshimiwa, ambaye kwa wiki nzima hakuwa amepita mbele ya kiti bila kukikojolea, alibana. Saa tano kasoro akatoa mkojo mzito wa rangi ya chungwa, nami nikauvuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa uangalifu wa mtu anayevuta dhahabu. Tukautia kwenye kichupa safi.

Safi, kwa maneno yangu. Asubuhi daktari alichovya kijiti chake, akasubiri, akakilinganisha na rangi za kwenye boksi. "Damu hakuna," akasema. Nikapumua. Akanieleza kuwa mkojo wa sungura hubadilika rangi kama kinyonga, njano, chungwa hata mwekundu, kwa sababu ya rangi zinazotokana na majani anayokula, na mtu asiyejua hudhani ni damu. Unaweza pia kuwa mzito na mweupe kama chokaa, kwa kuwa sungura hutoa chokaa ya ziada kwa njia ya mkojo. Mambo ya kawaida kabisa.

Kisha akakunja uso. Akakitazama kijiti tena.

"Lakini sukari imejaa. Sijawahi kuona sukari hivi."

Nikashika meza. Ukoo wetu una kisukari upande wa baba. Nilijikuta najiuliza kama nimemwambukiza. Daktari akakiinua kichupa, akakigeuza kwenye mwanga, akasoma ubavuni: Asali Halisi ya Nyuki Wadogo, Tabora.

Hakusema neno. Nami sikusema.

Lakini wasiwasi ukishaingia hautoki kwa kuambiwa. Nilitoa pesa zangu mwenyewe, bila kikao, nikasema apimwe damu. Jumamosi nikamtia Mheshimiwa kwenye kapu, tukapanda bajaji, tukakaa kwenye foleni ya Buguruni jua likiwaka, honi kushoto, honi kulia, na kondakta wa daladala akichungulia kapuni na kuuliza kama tunauza. Tulipofika, macho ya Mheshimiwa yalikuwa makubwa kama ya mtu aliyeitwa polisi.

Daktari hakuanza na sindano. Alianza na mizani. Mimi nilikuwa nimeshampima kwenye duka la mtaani, kwa ile mizani ya unga, nikamwambia kwa kujiamini kuwa ana kilo 2.6. Mizani ya kliniki ikasema 2.1. Daktari akasema ni vizuri hakuchukua neno langu, maana dawa ya usingizi hukadiriwa kwa kilo, na nusu kilo kwa mnyama mdogo hivi si jambo la utani. Mimi akili ilikuwa imeshahama. Nusu kilo nzima! Ndiyo maana sukari ninayonunua Jumapili huisha Jumatano.

Akamsikiliza moyo, ambao ulikwenda mbio kiasi kwamba ulikuwa mlio mmoja tu. Akamkagua meno, kwa kuwa meno ya sungura hayaachi kuota maisha yake yote na yakikaa vibaya hushindwa kula. Akamgeuza chali kutazama kilichotuleta. Hakukuwa na kitu.

"Mbona sizioni?"

"Jana zilikuwepo," nikasema, na sauti yangu ikasikika mpaka kwenye benchi la nje.

Daktari akacheka. Dume wa sungura akiogopa huweza kuzivuta korodani akazificha tumboni. Njia yake haizibi anapokua. Tukasubiri huku tumewasha feni. Baada ya dakika chache, Mheshimiwa akaona hatari imepungua, akazirudisha. Nikamwonea wivu kidogo. Kuna vikao vya ukoo ambapo uwezo huo ungenifaa.

Damu ilichukuliwa kwenye mshipa wa pembeni ya sikio. Majibu: damu ya kutosha, figo nzuri, ini zuri. Sukari iko juu. Sikuweza kuamini. Daktari akaniuliza tumekuja na usafiri gani, nikamwambia, akatikisa kichwa. Sungura akishtuka sukari yake ya damu hupanda yenyewe. "Hapa nimepima bajaji," akasema.

Jumla ya gharama nikamtajia shemeji kwa mafungu, kama mgonjwa wa moyo anavyopewa habari za msiba. Akaniuliza ni kipimo gani hasa kilichosaidia. Nikamwambia ukweli: mizani. Na hiyo ilikuwa bure. Vilivyobaki vilinitibu mimi, na sijutii, maana ningempeleka mezani bila hivyo nisingelala wiki nzima.

Siku ya operesheni ikapangwa Jumanne, saa tatu. Maelekezo ya daktari niliyapokea kwa simu nikiwa kazini, nikayasahau kuyafikisha. Jumanne alfajiri nikakuta kibanda cheupe, hakuna jani wala tone la maji. Mama mkwe alikuwa amekesha kukilinda. "Mtu wa operesheni hali," akasema, "mimi nimezaa watoto sita, wawili kwa kisu, najua." Tangu saa mbili usiku alikuwa amemnyang'anya Mheshimiwa kila kitu, hata ufagio wa chelewa alioanza kuutafuna kwa njaa.

Daktari alishika kichwa. Binadamu hufunga ili asitapike akiwa usingizini. Sungura hawezi kutapika, hata akitaka. Tumbo lake linatakiwa liende muda wote kama mashine ya kusaga, na likisimama ndiyo hatari yenyewe. Tukarudishwa nyumbani tukamlishe, tukapangiwa Jumatano. Njia nzima mama mkwe alimbembeleza kwa majani ya mchicha, akimwita baba.

Jumatano, kabla hatujatoka, alituma ujumbe kwenye kundi la ukoo: "Mheshimiwa anafanyiwa operesheni leo. Tumweke kwenye maombi." Amina zikamiminika kutoka Muheza mpaka Mwanza. Hakuna aliyeuliza, nami nikaona si wakati wa kueleza.

Operesheni yenyewe haina hadithi. Mchana alikuwa macho, kidonda kidogo kimeshonwa vizuri, amepewa dawa ya maumivu. Daktari akatuonya mambo mawili. Kwanza, huyo jike asubiri, kwa sababu dume aliyehasiwa bado anaweza kutia mimba kwa wiki 4 hadi 6. Pili, tusitulie mpaka ale na apate choo.

Kula alikula saa kumi na mbili, jani moja la matembele kutoka mkononi mwa binti. Choo ikawa kazi. Tulitandika shuka jeupe sebuleni, tukakaa kulizunguka watu watano na shemeji wa sita, aliyekuja "kupita tu". Taarifa ya habari ikaisha. Kila alipojitikisa tulichuchumaa. Saa nne na dakika ishirini usiku, kwa utulivu wa mtu asiyejua anadaiwa, Mheshimiwa akadondosha kidonge kimoja, cha duara, kikavu. Kisha kingine. Shemeji akahesabu kwa sauti. Binti akapiga makofi. Mke wangu akafuta machozi kwa upindo wa khanga.

Mama mkwe akavaa miwani, akaandika kwenye kundi: "Tunamshukuru Mungu, Mheshimiwa amepata choo. Vidonge tisa."

Simu ikalia papo hapo. Alikuwa shangazi kutoka kijijini.

"Mungu ni mwema. Akipata nguvu mkumbusheni barabara yetu."