Grini ya Mzee

Ukitaka kumtambua aliyenunua ploti Kitengela wakati wa kiangazi, mtazame miguu mwezi wa Aprili. Udongo mweusi umemganda kwenye nyayo tabaka juu ya tabaka, hata mtu mfupi anapanda matatu akiwa ameongezeka kimo.

Mafundi huuita bleki kotoni. Ukikauka unapasuka nyufa za kumeza tochi. Ukilowa unafura, unainua sakafu na kupasua kuta bila kuomba radhi. Chembe za udongo wa mfinyanzi hazifiki hata 0.002 mm, na madini ya huu wetu huyakaribisha maji katikati ya tabaka zake, kisha hayayaachii upesi. Ndiyo maana mjenzi mwenye akili huuzoa wote kwanza, akajaza mawe na moramu. Mume wangu, Mzee, yeye aliutazama akaona grini ya gofu, pale penye nyasi fupi, shimo na bendera.

Lawama ni za wenzake kazini. Wastaafu wengine huagwa kwa mbuzi au saa ya ukutani. Yeye alipewa fimbo fupi ya gofu, ile ya kusukumia mpira shimoni, ingawa hakuwa amewahi kukanyaga uwanja wa gofu ila siku moja alipopotea njia Karen. Akaanza kusukuma mipira sebuleni. Pakawa na malalamiko, mengi yakiwa yangu. Akahamia nyuma ya nyumba.

Ubaya wa mstaafu ni kwamba ana nafasi ya kusoma. Angechimba kishimo, akatia kopo la maziwa, tungekaa kwa amani. Lakini alisoma kwamba shimo la gofu lina upana wa mm 108, wala si kopo lolote tu, na kwamba chama cha gofu cha Marekani kimekuwa kikitoa maelekezo ya kujenga grini tangu 1960: chini mitaro yenye mabomba ya mm 100 yaliyotobolewa, juu yake kokoto sentimita 10, kisha mchanga sentimita 30. Akasoma pia habari za Edward Stimpson, Mmarekani aliyeona mipira ikiteleza kupita kiasi kwenye US Open ya 1935 pale Oakmont, akabuni kifaa cha kupimia kasi ya grini: kijifereji kinachoinuliwa upande mmoja mpaka mpira uteremke wenyewe. Kifaa hicho kina urefu wa sentimita 91 hivi. Mzee akapanda ngazi, akakata sentimita 91 za gata letu. Naomba mlikumbuke hilo gata.

Fundi alikuja na vijana wake wawili. Udongo mkavu ulikataa jembe, ukaitiwa sururu. Wakaumwagia maji ili ulainike, nao ukalainika kiasi cha kushika beleshi na kutoliachia, ikabidi kila beleshi liwe na beleshi la kulikwangua. Malipo yalikuwa ya kutwa, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haraka isipokuwa mimi.

Mtaa nao ulikuwa na maoni. Wengine walisema tunachimba kisima, wengine tangi la choo. Bwana mmoja mstaarabu, akidhani ni bwawa la samaki, alibisha hodi, akajaribu kutuuzia vifaranga vya perege, akaacha namba yake ya simu. Mzee aliitupa. Mimi niliiokota.

Mabomba yalipotandazwa, fundi alisimama kando akayatazama kwa muda mrefu.

“Mzee, kazi ni safi. Sasa maji yakishaingia humu, yanaenda wapi?”

Maelekezo ya Marekani yanasema bomba liwe na mteremko na limwage mahali pa wazi. Ploti yetu ni futi 50 kwa 100, na ukiteremka unakuta ua wa jirani, na nyuma ya ua kuna sukuma wiki yake. Mzee hakutaka kesi. Akaamua maji yaishie kwenye shimo la mawe, yafyonzwe taratibu. Fundi akauliza yafyonzwe na nani. Mzee akasema na ardhi. Fundi akacheka, akadai chake mapema.

Mvua ya masika ilipoanguka, mabomba yalifanya kazi bila dosari. Yaliyakusanya maji ya ploti nzima, pamoja na yale ya paa yaliyopita penye pengo la gata, yakayapeleka kwenye shimo la mawe. Shimo likajaa, kwa kuwa kuta zake ni udongo uleule wa mfinyanzi, na maji yakarudi yalikotoka kwa mabomba yaleyale. Asubuhi tulikuta bendera imesimama katikati ya ziwa. Vyura walishahamia.

Mzee hakutetereka. Alinifahamisha kwamba kanuni za gofu zinayatambua maji ya muda, na mchezaji huruhusiwa kuuhamisha mpira hadi pakavu bila adhabu. Pakavu palikuwa jikoni kwangu. Akaongeza kwamba kule Jinja, Uganda, wachezaji waliwahi kuruhusiwa hata kuutoa mpira kwenye nyayo za kiboko. Nikamwambia kiboko wetu bado hajafika, ila mahali pake pako tayari.

Nilikuwa nimeshika simu, nikiitafuta namba ya bwana wa perege, jirani wa chini alipochungulia juu ya ua. Tulijiandaa kujitetea. Kilo ya sukari ilikuwa mezani tayari kwa shughuli hiyo.

“Hayo maji yote mnayaweka ya nini?” akauliza. “Si mnipe mimi?”

Bomba likapitishwa chini ya ua mpaka kwenye kidimbwi chake alichokitandika nailoni. Sharti lake lilikuwa moja tu: maji yaje Januari pia. Sasa kiangazi naye anapokea maji yetu ya kufulia, na Mzee humwagilia grini yake kwa dhamiri safi, maana yanayopita hayapotei. Udongo ulipokauka ulisinyaa, grini ikainama upande wa chini, na hakuna mpira unaotaka kwenda penye shimo. Mipira yote inakimbilia kwenye ua wa jirani, kwa kasi ambayo bwana Stimpson angetaka kuipima.

Juzi jirani alimtuma mtoto na sukuma wiki, mipira iliyovuka ua, na salamu: ameongeza matuta, je, Mzee hana mpango wa kuipanua hiyo grini?