Fungua Kabati!

Wakimbizi wa Nakivale, Uganda, wamezoea kungoja tangu miaka ya 1960: posho, usaili, jibu la ofisi. Ila sehemu ya 14 ya simulizi ya mapenzi? Hiyo wanaitaka leo leo. Penye kibanda cha kuchaji simu, Base Camp, mama wa Bukavu anamfokea Rehema wa hadithini: "Fungua iyo kabati, we mujinga!" Barua ya mchumba imo humo, mama wa kambo kaificha, sote tunajua. Dereva wa Mbarara, aliyetangulia kusoma, anauza siri kwa rolex moja, chapati ya mayai. Mkali zaidi ni mwenye kibanda: "Mwanaume gani hasemi anachohisi?" Huku anamrudishia muuza mandazi simu, chaji imejaa, bila malipo, mwezi wa pili sasa.

"Asante, kaka."