Mbaazi za Kikapuni

Katika nyumba yetu ya mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, Mombasa, mlaji mkubwa wa makaa alikuwa sufuria ya mbaazi. Shangazi huuza mbaazi za nazi na mahamri asubuhi, hapo barazani, na wateja wake wote wana haraka: vijana wa bodaboda, makuli wanaowahi soko la Kongowea, watoto wa madrasa. Mbaazi kavu hazijui haraka. Ilibidi jiko liwashwe usiku wa manane, moshi ukajaa uani, wapangaji wakakohoa vyumbani mwao.

Makaa hayo hushuka kwa magunia kutoka Kwale, Kilifi na Taita Taveta. Katika tanuri la udongo, kupata kilo moja ya makaa huteketea kilo sita za kuni, mara nyingi zaidi. Mti mwingi hupotea hewani kabla gunia halijashonwa mdomo. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, Februari 2018, bei ilipanda na wauza vyakula wa barazani wakaumia.

Basi binti yangu aliporudi kutoka shuleni na habari za kikapu kinachoivisha chakula bila moto, Shangazi aliacha kukuna nazi akamsikiliza. Chakula huchemshwa jikoni kwa muda mfupi, kisha sufuria hufunikwa na kuzikwa ndani ya kitu kinachozuia joto lisitoke, chakula kikamalizikia humo. Huko Uingereza, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, watu walitumia masanduku yaliyojazwa majani makavu. Afrika Kusini, Sarah Collins alianzisha mfuko wake wa kitambaa, Wonderbag, mwaka 2008. Sisi tulikuwa na kikapu cha miyaa, leso kuukuu na mto wa sufi uliopasuka. Sufi ni hazina kwa kazi hii: kila uzi wake una uwazi uliojaa hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayoshika joto.

Usiku wa mwanzo mbaazi zililala na matumaini ya kulainika zikaamka ngumu. "Mwanangu, hizi ni mbaazi au kokoto?" Shangazi aliuliza, kijiko mkononi. Jiko likawashwa kwa pupa, wateja wakachoka kungoja, mahamri yakaliwa kwa chai.

Lawama zote aliangushiwa binti na sufi yake, nao hawakuwa na kosa. Mbaazi zilichemshwa kwa maji ya kisima. Visima vya kwetu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake, haya tunayoyaita ya chumvi, yamebeba chokaa inayokaza mbaazi zisilainike. Moto wa saa nyingi huishinda chokaa hiyo kwa nguvu. Kikapu hakina nguvu hiyo. Ikabidi maji ya mbaazi yawe matamu, ya mtungi wa mkokoteni, na ya kisima yabaki ya kuoshea vyombo. Maji matamu yana bei, na Shangazi aliipima kwanza na bei ya makaa ndipo akakubali.

Pigo lililofuata lilikuwa zito zaidi. Wifi yangu, kwa huruma ya kumpunguzia Shangazi kazi ya alfajiri, alitia tui usiku uleule. Kisha wapangaji wakaanza kupita. Hebu nione, hebu nionje. Kila kifuniko kilipoinuliwa, mvuke ulitoka na joto likaondoka nao. Likishuka chini ya nyuzi 60, vijidudu vya kuchachusha huamka, na tui ni chakula vinachokipenda. Alfajiri tulikuta povu juu ya sufuria na harufu iliyofika ukumbini.

Shangazi alizimwaga mbaazi zote. Akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, hakusema neno.

Hapa nataka nisikike. Tunahimizwa kubadili tabia ndogondogo kana kwamba jaribio likiharibika hakuna anayelipa. Kwa mama wa mbaazi, sufuria moja ni mtaji wa kesho, na faida ya mti unaobaki umesimama kule Kwale tunagawana sote. Si haki hasara ibebwe na mmoja. Namshukuru Mungu wapangaji wetu walilielewa hilo bila kuambiwa: huyu alileta kibaba cha mbaazi, huyu nazi, na fundi seremala wa chumba cha mwisho akalipia mitungi ya maji.

Shangazi naye akatoa amri zake. Mbaazi zirowekwe tangu adhuhuri. Baada ya magharibi zichemke kwa nguvu, sufuria ikiwa imejaa karibu na ukingo, kwa kuwa sufuria nusu hupoa upesi. Leso ifungwe fundo ambalo hufunguliwa na yeye peke yake, baada ya adhana ya alfajiri. Tui jepesi liingie wakati huo, jikoni, lichemke pamoja na mbaazi, na tui zito lije mwisho.

Mbaazi zikatoka nzima, laini, mchuzi mzito. Jiko sasa huwashwa alfajiri, na wapangaji wanalala bila moshi. Mahamri yamekataa kuingia katika mpango huu, maana hayataki joto la kuhifadhiwa, yanataka mafuta yanayochemka. Kwa hiyo makaa yaleyale yanayochemsha tui huwekewa karai mara tui linapoteremshwa, na binti yangu ndiye anayekata unga, ili moto usikae bure hata kidogo.