Sifa za Projekta ya Bei Chee

Projekta ya bei chee imesimangwa vya kutosha. Wenye televisheni bapa wanaiita tochi. Mafundi wakiletewa huguna kabla ya kuifungua, na kila aliyewahi kuinunua, ukimbana, atakwambia aliwanunulia watoto. Hakuna aliyesimama kuitetea. Basi nasimama mimi, tena bila malipo, maana watu wanaotoa lumeni 9,500 kwa laki mbili na punguzo juu hawawezi kuwa wamebakiwa na fedha ya kumlipa msemaji.

Tuanze na ukarimu huo. Lumeni ni kipimo cha mwanga, na boksi la projekta halijui kubana. Moja limeandikwa 9,500. Jirani yake kwenye rafu, lenye mashine ileile tumboni, limeandikwa 15,000, nadhani kwa sababu rangi yake ni nyeusi. Wamarekani, watu wa kuhesabu, waliweka mwaka 1992 kupitia taasisi yao ya viwango, ANSI, utaratibu wa kupima jambo hili. Picha nyeupe inagawanywa miraba tisa, mwanga unapimwa katikati ya kila mraba, wastani unatafutwa, kisha unazidishwa kwa eneo la picha. Ni utaratibu wa kichoyo kabisa. Ile 9,500 ikipitishwa humo, mara nyingi hutoka ikiwa mia moja au mia mbili. Balbu ya LED ya wati 9, ile unayomtuma mtoto dukani kwa Mangi, hutoa lumeni kama 800.

Najua maadui wameshaanza kucheka. Wacheke, lakini kifaa kinachozidiwa na balbu ya chooni ni kifaa chenye adabu. Televisheni inang'aa mchana wa jua kali, haijali nani yupo wala taa ipi imewaka. Projekta huomba ruhusa kwa kila aliyemo ndani. Mtu akiwasha taa kutafuta kandambili zake, timu zote mbili hutoweka uwanjani, wenye jezi nyeupe wakiwa wa mwisho kuondoka, na hawarudi mpaka kandambili zipatikane. Nyumba nyingi zilikuwa hazijui nani mkubwa mpaka projekta ilipoingia, na ikadhihirika kuwa ni yule aliyekaa karibu na swichi.

Ukitaka kuiona ikiwa imevaa nguo za sikukuu, nenda Kariakoo. Muuzaji ataishika kiganjani, ataielekeza kwenye ubao mweupe ulio mita moja mbele yake, kwenye kona ya duka ambayo jua halijawahi kufika, na picha itawaka hadi wapita njia wasimame. Nyumbani utaiweka mita tatu ili upate ile inchi 100 uliyoahidiwa. Upana umeongezeka mara tatu, kimo mara tatu, na mwanga uleule sasa umetandazwa kwenye eneo kubwa mara tisa. Wasiopenda hesabu husema wameibiwa. Nani kawaibia? Mwanga wote wameondoka nao dukani, hakuna tone lililobaki kwa muuzaji. Wameutandaza wenyewe.

Hiyo tisa, kwa njia, itakufuata. Boksi linasema pia kwamba mashine inasapoti 4K, na hilo ni kweli tupu: ukiipa picha ya 4K itaipokea, haitakuaibisha. Picha hiyo ina nukta 3,840 kwa 2,160, jumla zaidi ya milioni nane. Kioo kilichomo ndani, katika zile zilizo nzuri, kina nukta 1,280 kwa 720. Piga hesabu utaona kwamba katika kila nukta tisa zinazoingia, inatoka moja. Katika zile za chini zaidi, zenye 800 kwa 480, inatoka moja kati ya ishirini na kitu. Na yote haya hufanyika kimya kimya, bila kumsumbua mtazamaji. Nywele za mtangazaji wa habari, ambazo 4K ingekuonyesha rejareja, hapa unazipata kwa jumla.

Mwanga wenyewe hufika ukutani ukiwa umeshalipa tozo njia nzima. Projekta nyingi za gharama huwa na vioo vitatu, kila rangi na njia yake. Yetu ina kimoja kinachobeba kazi yote. Kabla ya kukivuka, mwanga hupita kwenye kichujio cha kuupanga uelekeo mmoja, na hapo nusu hubaki langoni. Kisha unakuta vichujio vya nyekundu, kijani na buluu, kila kimoja kikiruhusu rangi yake na kukamata nyingine mbili. Thuluthi ya nusu ni sudusi, na hapo hatujataja lenzi. Mwanga uliokamatwa haupotei; unageuka joto, joto linataka feni, na feni ya projekta ya bei chee haifanyi kazi kwa siri. Kando yake imefungwa spika ya wati mbili tatu. Pambano kati ya spika na feni huamuliwa mapema.

Hapa ndipo sifa yake kubwa inapoanza. Watu wa kizazi changu walilelewa na vibanda umiza vya kuonyeshea video, ambako msimulizi Lufufu aliwafanya mashujaa wa Hong Kong na Hollywood wagombane kwa Kiswahili, kama DJ Afro alivyofanya ng'ambo ya Namanga. Tulijua kwamba filamu haijakamilika mpaka apatikane mtu wa kusema juu yake. Televisheni zenye sauti safi zikataka kutusahaulisha. Projekta imeirudisha kazi hiyo majumbani: kwa kuwa hakuna anayesikia waigizaji wanasema nini, lazima mmoja asimulie. Mara nyingi ni shangazi, ambaye filamu hiyo hajawahi kuiona, na kwa hiyo hafungwi na matukio. Nimesikia filamu ya vita vya majini ikigeuka kesi ya mirathi, na kesi ilikuwa tamu kuliko vita.

Wapo watakaojaribu kumnyamazisha shangazi kwa kuunganisha spika ya bluetooth. Nayo ina mapenzi yake: mshambuliaji anafumua shuti, wavu unatikisika, kipa anainama kuokota mpira, ndipo mguu unasikika. Msiite kasoro. Mwaka 1935, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza walianzisha mradi wa filamu ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wakawa wanazungusha picha vijijini kwa lori, Tanganyika na nchi jirani, hadi 1937. Kwa kutafuta unafuu, sauti waliitia kwenye sahani za santuri, mbali na picha, na mtu wa kuendesha mitambo ndiye aliyepaswa kuvifikisha viwili hivyo mahali pamoja kwa wakati mmoja. Picha na sauti kupishana njiani, kwetu, ni mila ya karibu karne.

Ukoo wa projekta nao ni mkubwa kuliko bei yake. Babu wa projekta ni taa ya mazingaombwe, iliyoundwa mwaka 1659 na Christiaan Huygens wa Uholanzi, bwana yuleyule aliyeugundua mwezi mkubwa wa Zohali na kuunda saa ya pendulamu. Michoro aliyoiandalia taa hiyo ilikuwa ya mifupa ya mtu inayojivua kichwa. Sasa mwaka 1662 baba yake akaitaka, ionyeshwe Paris mbele ya wakubwa wa Louvre. Huygens akaona fedheha, mtu wa nyota kujulikana kwa kuchezesha mifupa ukutani. Kumkatalia mzee hakuweza. Akamwandikia mdogo wake Lodewijk, aliyekuwa Paris, akimshauri aondoe lenzi ili taa isifanye kazi. Kwa hiyo projekta yako ikigoma mbele ya wakwe, usiipige kofi. Inatekeleza wasia wa muasisi.

Kuhusu hali ya hewa, tumependelewa. Jijini Stockholm, mwezi wa Juni, mwenye projekta hukaa hadi baada ya saa nne usiku akiomba jua lizame. Dar es Salaam giza huingia baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, halibembelezwi. Ndiyo maana senema ya magari ya Msasani, iliyofunguliwa 1966 pale ulipo sasa ubalozi wa Marekani, iliweza kuonyesha picha nje bila kumkeshesha mtu. Tatizo limebaki la Waingereza, wanaoanza mechi zao za Jumamosi saa tisa alasiri kwao, ambayo mwezi wa Agosti ni saa kumi na moja jioni kwetu, jua likiwa bado linachungulia kwenye pazia. Projekta imelimaliza kwa hekima: kipindi cha kwanza unakisikia, cha pili unakiona. Goli likifungwa mapema, litarudiwa. Lisiporudiwa, shangazi yupo.

Na gizani ndipo inapokuwa na huruma. Hakuna projekta duniani inayotoa weusi. Weusi wa picha ni ukuta wako ambao haujaangaziwa. Kioo cha yetu huvujisha mwanga kidogo hata kinapoambiwa kifunge, basi usiku wote wa filamu huwa wa kijivujivu kama jivu la jana. Wataalamu wanalalamika. Sisi wenye watoto tunashukuru, kwani mchawi anapochomoza kutoka makaburini na panga lake hakuna anayemwona, si mtoto wala baba yake aliyekuwa amekaza macho kwa ujasiri, na nyumba nzima inalala vizuri.

Hata viumbe wanaipenda, jambo ambalo hakuna televisheni iliyowahi kudai. Mjusi wa ukutani, ambaye miaka yote aliishi kwa kuviziavizia kwenye taa ya kibarazani, sasa amepewa uwanja. Anasimama katikati ya duara wakati wa penalti, mkia kwenye jezi ya kipa, na umati mzima unashangilia au kulaani kulingana na anavyoelekea. Mvua za kwanza zikinyesha wanakuja kumbikumbi. Hao hawakai ukutani. Wanapita mbele ya lenzi, na mdudu wa urefu wa kidole anatupa kivuli cha kuwafunika wachezaji wote wa akiba. Teknolojia ya kuona picha ikikujia usoni, ambayo watu wa nje waliivalia miwani na kuilipia, hapa inaletwa na mvua.

Vumbi linataka aya yake, kwa kuwa linaonewa. Projekta za bei kubwa zimezibwa, vumbi halifiki kwenye kioo. Yetu iko wazi, feni inavuta hewa ya chumbani na chochote kilichomo, na baada ya kiangazi kimoja utaona doa lenye ukungu upande wa juu kulia, ukubwa wa sahani ya chai. Halitatoka. Lipo kwenye habari, lipo kwenye harusi, lipo angani juu ya uwanja hata mechi ikichezwa mchana. Familia huanza kwa kulichukia, kisha hulizoea, na mgeni akiliulizia anajibiwa kwa namna ya kumfanya ajute.

Tena projekta hii haifi upesi. Boksi linaipa taa saa 50,000. Ukitazama saa tatu kila usiku, bila kuruka hata siku ya msiba, hiyo ni zaidi ya miaka 45. Umeme wa LUKU utakwisha mara nyingi sana kabla ya hapo, na feni huenda isifike Pasaka, lakini taa itakuwa hai ndani ya mashine iliyokufa, na mwenye busara ataiandika kwenye mirathi pamoja na shamba.

Nafahamu kwamba, pamoja na yote haya, wapo wabishi watakaotaka kuona picha. Hao huenda dukani mchana na kuharibu biashara za watu. Hawasomi namba kubwa ya mbele. Wanageuza boksi kutafuta lumeni za ANSI, na wasipoziona wanaguna. Hawaulizi inasapoti nini, wanauliza kioo chenyewe kina nukta ngapi. Wanaomba mashine irudishwe nyuma mita tatu, halafu wanaomba, mbele ya wateja wengine, taa ya duka iwashwe. Wanatazama pembe nne za picha kuona kama maandishi yanasomeka huko kama yanavyosomeka katikati. Wanasogeza sikio kwenye feni. Wanauliza kama lenzi na kioo vimezibwa visipate vumbi, na kama dhamana ni ya maandishi au ya mdomo. Mmoja wa aina hiyo alikuwa mbele yangu, mzee wa makamo mwenye kalamu mfukoni, akimuuliza kijana wa dukani swali moja baada ya jingine na kuandika majibu kwenye karatasi. Kijana alijibu mawili ya mwanzo kwa bashasha. La tatu alilijibu akitazama barabarani. La nne alipoulizwa aliizima projekta, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati, akairudisha kwenye boksi lake la lumeni 9,500.

"Bosi wangu," akasema, "unanunua sinema au unasahihisha mtihani?"