Anko, Ruti Unayo?

Jamani, mwenzenu nimeumbuka. Kompyuta ya kazini imegoma kupokea printa mpya. Nikamwita kijana wa IT, ndevu zake unaweza kuzihesabu. Akainama, akagonga-gonga, akauliza, "Anko, ruti unayo?"

Nikajibu haraka, "Ninayo, Gongo la Mboto–Kariakoo. Ila asubuhi siti hupati."

Ofisi kimya. Halafu ofisi ikapasuka. Hata mama wa chai alicheka, na deni lake la vitumbua sijalipa.

Kumbe ruti ni mtu! Yaani ndiye mkubwa wa mashine, namba yake sifuri. Sifuri? Mimi shuleni nilizivuna tele, hakuna aliyenikabidhi hata ufunguo wa stoo. Huyu anafungua faili la yeyote, anafuta anachotaka, haombi ruhusa. Eti ni mambo ya Unix, ilianza 1969 pale Bell Labs, Marekani. Miaka yote hiyo inanitafuta mimi tu.

Nikajifanya nimeelewa. "Sasa nenda ruti," akasema. Niende kwa nani? "Hapana, anko, hii ruti nyingine. Ni folda la juu kabisa, mafaili yote yanaanzia hapo. Andika mkwaju." Mkwaju! Mimi mkwaju naujua kwenye juisi. Basi huyu bwana mkubwa anakaa humo? "Hapana, ana folda lake, limo ndani ya ruti." Linaitwaje? "Ruti."

Nikaomba maji.

Sijamaliza kumeza, akaongeza kwamba hata simu inafanyiwa ruti, mwenye simu apate ukubwa huohuo. Yangu ina ufa na haishiki chaji, ukubwa wa nini?

Alipotoka nikasema nimwoneshe. Nilimwona akianza na neno sudo, nami nikaandika sudo na amri iliyofuata. Ikataka nywila, nikaipa yangu. Mashine ikanijibu kwa Kizungu kikavu: jina langu halimo kwenye orodha, na tukio hili litaripotiwa. Litaripotiwa wapi? Kwa bosi? Polisi? Nikazima kioo, nikaenda kukaa chooni. Usiku sikulala. Mama watoto anauliza una nini, nimwambie nimeripotiwa na kompyuta?

Asubuhi nakutana na kijana kwenye ngazi, anacheka. "Anko, ripoti yako imenifikia."

Shikamoo ikanitoka yenyewe.