Madam, Leso Yako Iko kwa Jirani

Ukitaka kumjua mgeni Loiyangalani, usimtazame nguo wala kamera. Mtazame anavyofungua mlango. Mwenyeji huufungua kidogo tu, akapenyeza bega, akaushika kwa nyuma na kuufunga kabla hata hajasalimia. Mgeni huufungua wote, akasimama kizingitini kupiga hodi kwa adabu zake zote, na papo hapo kalenda inabanduka ukutani, majivu ya jiko yanaingia kwenye maziwa, na karatasi za mtihani wa Gredi ya Sita zinaanza safari ya kuvuka ziwa kwenda Lodwar.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi. Nilipopangiwa kufundisha huku nilikuwa nikijihesabu mzoefu wa mambo mawili, watalii na upepo. Watalii nimewaona tangu sijaota meno. Vijana wa mtaani kwetu walijua kupatana bei kwa Kiitaliano kabla hawajamaliza shule. Upepo nao kwetu una ratiba: kuna kusi, kuna kaskazi, na nahodha anapanga safari zake akijua utakuja lini na utaondoka lini. Huu wa Ziwa Turkana haupangiwi. Unabanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na zile za Ethiopia, na kwa kuwa njia ni nyembamba, unatoka huko mbio kama mtu anayedaiwa. Ukifika kwetu, kwenye miteremko ya Mlima Kulal, haujapunguza mwendo. Na saa zake za kazi ni usiku.

Wenye akili walishauona. Kusini kwetu, pale Sarima, imesimamishwa mitambo 365 ya kufua umeme kwa upepo, jumla megawati 310. Mtambo mmoja kwa kila siku ya mwaka. Mwaka mrefu haukufikiriwa. Umeme ule unapanda nyaya na kwenda zake Suswa, zaidi ya kilomita 400, bila kugeuka kutuaga. Watalii wanaokuja kwa njia ile wanapita chini ya mapanga yanayozunguka, wanayapiga picha mpaka simu zinazima, kisha wanabisha kwangu (mlango wazi wote, kalenda chini) kuniuliza pa kuchajia. Nawaelekeza dukani kwa mwenye sola. Wanakuta foleni, na wa kwanza kwenye foleni ni mimi niliyewahi kwa njia ya mkato.

Sisemi kwamba hawana sababu ya kuja. Hili ndilo ziwa la kudumu la jangwani kubwa kuliko yote duniani, na ukitokea juu ya kilima, baada ya saa nzima ya mawe meusi ya volkeno, likafunguka mbele yako kijani, kisha buluu, kisha tena kijani, hata dereva wa lori aliyelipita maisha yake yote hupunguza gia. Teleki, yule mtu wa Hungaria, alilifikia mwaka 1888 akalibandika jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria ambaye hakuwahi kulitia mguu. Tukalichukua jina letu mwaka 1975. Sehemu za filamu ya *The Constant Gardener*, iliyotoka mwaka 2005, zilipigwa hapa, na kila mtu wa rika fulani mjini atakuonyesha alipokuwa amesimama, ingawa, ole, kamera iligeukia upande mwingine. Watalii hupenda kusema mahali hapa ni sayari nyingine. Nakubaliana nao. Ndiyo maana nawauliza kama wamepita dukani wakaona nyanya, maana kwenye sayari hii nyanya huja kwa lori, na sukuma wiki inayoteremshwa humo huwa tayari imeshakauka vya kutosha kuuzwa kama chai.

Lakini nilitaka kusimulia habari za leso.

Kuanika nguo Loiyangalani ni kazi ya watu wawili na mashahidi. Vibanio ni mapambo tu. Nguo hupigwa fundo kwenye kamba, au hutandikwa juu ya mawe na kukandamizwa kwa mawe mengine, na hukauka kabla hujamaliza kuanika ya mwisho. Tatizo la leso ni kwamba ukiipiga fundo inakunjamana, na mwanamke wa pwani hawezi kutoka na leso iliyokunjamana hata kama mtaa mzima umevaa ngozi ya mbuzi. Nikaibana kwa vibanio vinne. Ilikuwa mpya, nyekundu kwa nyeupe, na jina lake lilisema: YANGU HAYAKUHUSU JISHUGHULISHE NA YAKO.

Sikuinunua kwa ajili ya mtu. Niliinunua kwa sababu ya rangi.

Ikaruka. Ikapita juu ya ua wa makuti ya mikoma, ikatua kwa jirani yangu, mama wa Kiturkana anayeuza shanga na samaki wakavu. Haikujikunja wala kudondoka kifudifudi, la. Ilijitandaza kwenye ua wake, pembe hadi pembe, jina likitazamana na mlango wake kama bango la serikali. Na ilikuwa ni siku ile ile ambayo asubuhi yake aliniuliza, kwa nia njema kabisa, mbona taa yangu iliwaka usiku kucha.

Mimi sikujua chochote. Niliona tu kwamba salamu zimepungua. Kwanza ikapungua "mwalimu," ikabaki "habari." Kisha hata "habari" ikaisha, akawa ananikoholea tu. Mpaka mwanafunzi mmoja alipokuja kusimama mezani kwangu, mikono nyuma.

"Madam, leso yako iko kwa jirani."

"Ahsante. Mwambie nitaipitia."

"Madam, amesema amesoma."

Nilikwenda jioni ile na sukari robo kilo. Nikamweleza kwamba kwetu leso zote zina maneno, kwamba maneno ni ya kiwandani, kwamba ni upepo tu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akitunga shanga, kisha akauliza, "Mwalimu, huo upepo umepita nyumba ngapi usizione, ukaiona yangu?" Swali lile nimelifikiria sana na mpaka leo sina jibu la kiume wala la kike.

Nilipokwenda likizo nikatafuta leso ya kupatanisha. Nilichambua duka zima mpaka mwenye duka akanuna, nikapata moja ya jina la mahaba, tamu, isiyoweza kumuudhi binadamu. Nikarudi nayo, nikaifua kwanza iondoke wanga, nikaianika upande wa pili wa nyumba ili isikosee tena. Ikaenda kwa mlinzi wa zahanati, mzee mwenye wake watatu. Aliirudisha kesho yake imekunjwa vizuri, samaki wawili juu. Jirani yangu alikuwa amekaa mlangoni akiona kila kitu. Alicheka mpaka akashika ukuta, na hapo ndipo "mwalimu" iliporudi.

Tangu siku hiyo amenichukua chini ya ulinzi wake, na ulinzi wake una bei, kama nitakavyoeleza.

Upepo hutulia mchana na alasiri, na hizo ndizo saa ambazo magari ya watalii hufika. Wanakuta joto, utulivu, mikoma imesimama wima, wanasema, mbona tumetishwa bure. Kulikuwa na kijana na mkewe, wa kutoka Ulaya, walioomba kupiga hema karibu na uani kwetu. Hema lilikuwa jipya, na maandishi kwenye mfuko wake yalisema limejaribiwa kwenye milima mirefu. Jirani akawabebea mawe, makubwa, moja moja, bila kuambiwa. Wakamshukuru kwa mikono miwili, wakayapanga duara, wakafanya mahali pa kukaa.

Saa saba usiku hema liliondoka. Namshukuru Mungu hawakuwemo. Walikuwa nje wakitazama nyota, ambazo huku ni nyingi hata haya. Walilala chumbani kwangu, mimi nikalala jikoni na masufuria. Kulipokucha watoto wa mtaa walikuwa wameshapanga bei: soksi shilingi kumi, shati hamsini, pasipoti mazungumzo. Mkoma mmoja upande wa ziwani ulikuwa umevaa sidiria, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuitaja. Kijana wa watu, macho mekundu kwa vumbi, akamuuliza jirani yangu kama upepo huwa hivi kila usiku.

"Hapana," akamjibu. "Jana ulikuwa umepumzika."

Wazee wa hapa hawashangai. Wanakumbuka tarehe 3 Novemba 2013, jua lilipopatwa, na watu wakasafiri kutoka pembe zote za dunia kuja kulitazama Sibiloi, kaskazini mwa ziwa, na miwani yao maalumu na mitambo yao. Saa ilipofika, mchanga ukainuka, mvua ikaufuata, na jua likapatwa faraghani. Mzee mmoja wa mashua hana huruma kwenye suala la wageni na upepo. Mtalii akimsukuma ampeleke Kisiwa cha Kusini wakati maji yameanza kuonyesha meno, humpa habari za Waingereza wawili wa msafara wa utafiti wa Vivian Fuchs waliovuka kwenda kisiwani humo mwaka 1934 na hawakuonekana tena. Huisimulia polepole, kisha humuuliza mtalii jina lake la ukoo, eti wa kumwandikia ni nani. Mara nyingi mtalii hugundua kwamba mamba wa karibu wanamtosha.

Shuleni upepo umetuharibia hata nidhamu. Malindi mtoto akichelewa husingizia matatu. Huku husema "upepo," na huwezi kumfanya kitu kwa sababu nawe umeingia dakika moja kabla yake, nywele zimesimama, kwa sababu hiyo hiyo. Wapo pia wenye sababu nzito zaidi: ziwa limepanda miaka hii, Komote, kijiji cha Waelmolo, kimegeuka kisiwa, na watoto wa huko huenda shule kwa mashua. Mtoto akikwambia amechelewa kwa sababu kulikuwa na mamba, unaandika "yupo" na kuendelea na somo.

Maji ya mji hutoka chemchemini, nayo ni ya uvuguvugu yakitoka ardhini. Sina haja ya kueleza zaidi ya kusema kwamba kila mgeni, baada ya siku nzima ya jua, hunyoosha shingo bafuni na kuuliza bomba la maji baridi ni lipi. Shangazi yangu alipokuja kunitembelea aliuliza hivyo hivyo, na nilipomwambia hakuna, akaniuliza nimewakosea nini watu wa Wizara.

Sasa habari ya bei. Siku moja nilikuwa uani, nimeuma vibanio, nimekalia ncha moja ya shuka, ncha nyingine nimeishika kwa miguu, mikono yangu yote miwili ikipambana na foronya. Nikasikia kamera. Kundi zima la watalii lilikuwa limesimama nyuma ya ua, na aliyewaongoza alikuwa akiwaeleza jambo kwa sauti ya chini, ya heshima, kama wako msikitini. Sikusikia vizuri, lakini nilisikia "desturi." Mmoja akaniuliza kabila langu. Nikamwambia mimi ni Mswahili wa Malindi. Uso ukamwanguka, Malindi alishakwenda, alikula pitsa.

Jirani hakumruhusu avunjike moyo. Alitokea na mkufu wa shanga, akanivisha shingoni nikiwa bado nimeuma vibanio, akarudi nyuma akanitazama, akawageukia: picha mia mbili. Walilipa. Wote. Jioni nikamuuliza fungu langu liko wapi.

"Fungu la nini? Wewe si ulikuwa unaanika tu?"

Msimu mkubwa ni wa tamasha la kitamaduni, lililoanza mwaka 2008. Jamii 14 za Marsabit hukusanyika: Waelmolo, Warendille, Wasamburu, Waturkana, Wagabra, Wadasanach na wenzao, ngoma usiku na mchana, na ni kitu cha kupendeza kweli, nisije nikaonekana mlalamishi. Ila kila chumba mjini huwa na mtu, kila godoro huwa na watu, na wakubwa kutoka Nairobi hufika wakiwa na suti na kofia. Kofia hazidumu. Nyumba yangu huipangisha, mimi nikalala darasani chini ya ubao wenye jedwali la mara saba.

Mwaka huu jirani ameniambia nisijisumbue kutafuta mgeni, ameshanipatia, ameshapokea malipo ya awali, na ameshakata chake. Nikamuuliza mgeni amepewa maelezo gani kuhusu chumba. Akasema amemweleza kila kitu kwa ukweli: maji moto saa 24, hewa safi, na mwenye nyumba huonyesha desturi ya kuanika kila asubuhi saa moja, shanga zikiwemo kwenye bei.